Tumbo la Bwana Mukubwa

Enzi za Wabelgiji, ningali kijana, nilisimama mbele ya ofisi ya shamba moja la pareto huko Masisi, Kongo, nikingoja ruhusa ya kwenda Walikale. Ghafla wafanyakazi wote wakaja na kutupa majembe chini, pwa! Wanaacha kazi, wanakwenda kwenye migodi!

Mzungu wa shamba akatoka mbio, jasho linamtiririka.

"Nitaongeza chumvi! Nitawapa blanketi!"

Hakuna aliyeinama kuokota jembe. Mama mmoja akasogea mbele, mikono kiunoni.

"Bwana, chumvi iko. Lakini ulitukataza kuimba. Tutalima kimya sawa maiti?"

"Munaimba tumbo langu!"

"Ile njo wimbo yenye kuvuta jembe, Bwana. Ingine hatuna."

Mzungu akatazama rundo la majembe, akatazama tumbo lake kubwa, kisha akapunga mkono: imbeni! Ee, ungesikia vigelegele! Majembe yakanyakuliwa, kilima kizima kikaitikia lile tumbo.

Siku hizi nimezeeka, na wakubwa wa kazi huniuliza wafanye nini ili watu wasiwakimbie. Nami huwauliza wao wanaimbwa vipi. Yule wa Masisi alibaki mlangoni, uso umenuna, lakini kiatu chake kilikuwa kinafuata wimbo.