Maneno ya Kinywa Kimoja

Katika ofisi ya kamusi, Neziha Belkhoja alikuwa na meza inayotazama ukuta. Aliichagua mwenyewe. Vijana wa idara walimpa ya dirishani kwa heshima ya umri wake, akakataa, akasema hakuja mjini kutazama barabara. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsogelea ila kwa shughuli. Saa ya chakula waliposhuka kwenda kununua mikate ya tuna na harisa, ile pilipili ya kusaga, yeye alibaki na kopo lake la bsisa, unga wa nafaka za kukaanga uliokorogwa kwa mafuta, akila kijiko kwa kijiko, mwanga wa kompyuta ukimpiga usoni.

Hakuwa mtu wa kuzoeleka upesi. Babu yake mzaa baba alikuwa kadhi, mama yake alisoma wakati wasichana wa mtaa wao wakifungiwa ndani, na yeye mwenyewe alifundisha Kiarabu sekondari mpaka alipostaafu. Katika madarasa yake hakuna mwanafunzi aliyeingia na shati lililochomoka. Kila asubuhi alipanda treni kutoka kitongoji cha Radès akiwa amevaa koti lililopigwa pasi, hata siku za joto, na akirudi jioni alifungua mlango wa nyumba ambamo hakuna aliyemwuliza siku imekwendaje. Mumewe alikuwa amefariki masika ya mwaka uliotangulia.

Mume huyo, Ustadh Khemais, aliacha kamusi. Haikuwa kamusi ya maana za maneno bali ya suhuba zao: neno gani hutembea na lipi. Ahadi huvunjwa, haikatwi. Vita huzuka, havichomozi. Usingizi humchukua mtu, njaa humuuma. Nchi nzima ilijifunza insha kwa kitabu hicho. Sasa wachapishaji walitaka toleo jipya, na kwa toleo hilo kila suhuba ilipaswa kupimwa kwa hazina, yaani magazeti, riwaya na hotuba za redio za miaka mingi zilizomiminwa ndani ya kompyuta. Neziha aliposikia, alimwendea Profesa Jelloul, mwenyekiti wa jopo lililosimamia toleo hilo, akamwambia hakuna mgeni atakayepekua kazi ya Khemais kabla yake yeye. Profesa, ambaye alipata kuwa mwanafunzi wa Khemais, hakuweza kumkatalia.

Aliyemfundisha kutumia programu ni Yosr, binti wa idara mwenye nywele fupi na maneno mengi, aliyemwita Lella, yaani Bibi.

"Lella Neziha, unaigonga hiyo kibodi kama unakanda unga wa sikukuu."

"Nimezoea chaki, binti. Chaki haina woga."

"Basi hii inao. Iguse tu, itakuelewa."

Na kweli ilimwelewa. Aliandika neno moja, na skrini ikajaa mistari, neno lile limesimama katikati ya kila mstari, majirani zake kushoto na kulia. Kisha akabonyeza tena, na programu ikampa alama ya kila jozi: alama ikiwa juu, maneno hayo yamekaa pamoja mara nyingi kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu. Neziha alilipenda jambo hilo kuliko alivyotaka kukiri. Siku zilipita bila mtu kuzungumza naye zaidi ya salamu, lakini ndani ya ile skrini watu walizungumza kutwa, waliokufa na walio hai, na hakuna aliyemtaka ajibu.

Akafika kwenye neno "upweke". Hapo ndipo mumewe alipopatia sifa. Watunga kamusi wengine walikuwa wameandika upweke mkali, upweke wa kuua. Khemais akaongeza "upweke mwembamba", na walimu wakalidaka. Liliingia katika kitabu cha shule, na watoto wakaliandika kwenye mitihani. Neziha aliliandika, akabonyeza, akangoja. Alama ilipanda juu kuliko zote, ikaupita hata ule upweke mkali.

Hakuweza kukaa nalo moyoni. Akampigia simu shemeji yake, Mondher, wakili mstaafu.

"Si nilisema!" Mondher akapiga kelele mpaka Neziha akaiweka simu mbali na sikio. "Kaka hakuandika neno la kubahatisha maisha yake yote. Jumapili nakuja na wanangu na jamaa wote, shemeji. Pika kuskusi ya samaki, na usitubanie pilipili."

Walikuja, wakajaa sebule. Mondher alisimama na kijiko mkononi, akawaambia binamu na wakwe zake kwamba mashine yenyewe imempigia kaka yake saluti, na wale waliokuwa wakinong'ona kwamba kamusi ya Belkhoja imepitwa na wakati sasa wajifunike nyuso. Neziha alipakua huku akijizuia kutabasamu. Walipoondoka alikosha sahani peke yake, na hata hilo siku ile halikumwelemea.

Jumatatu akamweleza Yosr.

"Hongera, Lella," Yosr alisema. "Na wanaosema hivyo ni wangapi?"

"Kina nani?"

"Wenye maneno yao. Alama inakwambia maneno mawili yanapendana. Haikwambii kama ni mji mzima unaosema, au mtu mmoja anajirudia. Usione haya, sote tumeanguka hapo. Mimi nilipoanza niliandika kwamba Watunisia husema 'mwanakondoo mtukufu'. Wee! Kumbe ni tangazo la bucha moja lililotoka gazetini kila wiki. Mpaka leo wananiita Mtukufu."

Aliinama juu ya bega la Neziha, akafungua safu ya vyanzo, ile inayoonyesha kila mstari umetoka kwa nani. Vitabu vya shule na mitihani havikuwamo katika hazina, na nje ya hivyo lilishuka jina moja tu, kutoka juu hadi chini: Abiria wa Nyuma.

"Huyu ni nani?" Yosr akauliza.

"Mwandishi wa makala gazetini. Zamani."

"Unamfahamu?"

"Nilikuwa nikimsoma," Neziha akajibu, na mikono yake akaificha mapajani.

Alimfahamu kuliko mtu yeyote aliye hai. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao serikali ilimpeleka Neziha kufundisha Tozeur, kusini kabisa, na Khemais akabaki Radès. Haikumfaa mhadhiri kijana kuonekana akiandika porojo magazetini, kwa hiyo alijipa jina hilo, na kila wiki akaandika kuhusu treni, paka, na majirani wanaogombana kwa kamba ya kuanikia nguo. Neziha aliporudi nyumbani, Khemais alimwambia ameacha. Naye hakuuliza tena.

Kwa hiyo suhuba iliyompatia Khemais sifa hakuisikia kwa watu. Aliitoa kwake mwenyewe, akaiweka katika kamusi kana kwamba ni usemi wa Waarabu wote. Kwa watunga kamusi hilo ni kosa lisilo na utetezi, na adui zake wangelijua, wangelitafuna miaka kumi.

Wenzake walipokwenda kula, Neziha alianza kufungua mistari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ndani ya makala yake kamili. Ya kwanza aliisoma kwa huruma ya mtu aliyekuwa mbali: kijana peke yake, sufuria moja, kitanda kikubwa. Kisha akatazama tarehe. Zilifika mwaka aliorudi kutoka Tozeur. Zikaupita. Zikaendelea mwaka hata mwaka, watoto wakizaliwa, wakikua, wakihamia Ufaransa na Kanada, na Abiria wa Nyuma bado anaandika. "Sahani zinalia jikoni," ilisema makala moja, "nyumba imejaa watu wangu, nami nimekaa na upweke mwembamba, ambao hata aliye kando yangu hauoni, maana unapita mahali hewa inapopita."

Aliyekuwa kando yake ni nani, kama si yeye?

Akambakiza mwandishi huyo peke yake ndani ya programu, akaandika "mke wangu", akabonyeza kabla hajapata muda wa kuogopa. Alikuwa tayari kwa neno baya. Mkali, labda. Mwenye kiburi. Alikuwa tayari hata kulijibu. Lakini neno lililokaa karibu zaidi na "mke wangu" lilikuwa "amelala". Mke wangu amelala, nami nimewasha taa. Mke wangu amelala, namsikia jirani akikohoa. Mke wangu amelala.

Ni kweli, alilala mapema. Shule ilianza saa mbili asubuhi, na mwalimu anayepiga miayo darasani ni aibu. Khemais hakuwahi kumwamsha. Yosr aliporudi na mafuta ya mkate vidoleni, alimkuta Neziha ameizima skrini na amevaa koti.

Alimpigia Mondher simu njiani, na sauti yake ikamshtua shemeji hata akaja kumngojea mlangoni pake jioni hiyo hiyo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga dirisha, ingawa nje hapakuwa na mtu.

"Yule binti anajua huyo Abiria ni nani?"

"Hajui."

"Basi yamekwisha. Hilo jina limekufa na mwenyewe. Jopo wakiuliza, waambie hujui. Watalitoa neno, au wataliacha, shauri yao."

"Wataniuliza, Mondher. Nami ndiye niliyeomba kazi hii."

"Shemeji, nimewaambia watu wote! Nimesimama na kijiko mkononi kama kichaa!"

"Nilikuona."

"Unacheka? Fikiria watu watakavyosema. Khemais Belkhoja alijitolea ushahidi mwenyewe, tena kwa jina la bandia. Na hilo ni dogo. Watasema alikaa nawe miaka yote akiwa mpweke. Utakwenda kwenye harusi za watu kwa uso gani?"

Neziha aliinuka kwenda jikoni. Alimwandalia kahawa yenye maji ya maua ya michungwa, naye akainywa kwa haraka, akaondoka bila kumwombea marehemu kama ilivyokuwa desturi yake.

Jopo lilikutana Alhamisi asubuhi. Kanuni yao ilijulikana: usemi unaotoka kwa mwandishi mmoja tu huitwa neno la kinywa kimoja. Ama hutolewa, ama hubaki na jina la aliyelisema chini yake, ili msomaji ajue si la watu wote. Neziha aliwasilisha upimaji wake kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma matokeo ya mitihani. Alama iko juu, akasema, lakini chanzo ni kimoja, mwandishi wa makala aliyejiita Abiria wa Nyuma. Akakiri kwamba alikosea mwanzoni kwa kutotazama vyanzo.

"Litoke basi," akasema mmoja wao. "Nani anamjua huyo Abiria? Huenda ni mlevi fulani."

Wakacheka. Profesa Jelloul hakucheka. Alimgeukia Neziha. "Bi Neziha, wewe ulikuwa ukiyasoma magazeti hayo. Mwandishi huyo alijulikana?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Neno moja tu, "hapana", na Khemais angebaki msafi, naye angebaki mke wa mtu aliyetosheka. Alifikiria harusi alizozitaja Mondher. Alimfikiria mtu aliyekaa na taa, hana wa kumwambia jambo lake, mpaka akalificha ndani ya kamusi, mahali ambapo watu hutafuta maneno wanapokosa ya kusema.

"Hakuwa mlevi," alisema. "Alikuwa mume wangu."

Yule aliyesema kuhusu mlevi aliinama, akaanza kufuta miwani isiyokuwa chafu.

"Mwalimu wetu…" Profesa alianza. "Tunaweza kulitoa kimyakimya, Bi Neziha. Hatutaandika sababu."

"Hapana. Kanuni inaruhusu libaki na jina la mwenyewe. Libaki. Si jina la Abiria, jina lake. Alikosea kulifanya la watu wote. Lakini lilikuwa lake, na hakuliiba kwa mtu."

"Unajua watu watakavyolisoma."

"Nilifundisha watu kusoma, Profesa. Najua."

"Na suhuba nyingine zinazotegemea makala hizo?"

"Nitazipitia zote. Mimi mwenyewe."

Mondher alipata habari kabla ya jioni. Alipiga simu mara moja tu.

"Umemwanika kaka yangu," alisema. "Na umejianika mwenyewe."

"Leo huniiti shemeji?"

"Nikuite nini? Sina jina la kukuita."

Jumapili hiyo hakuja, wala zilizofuata. Binamu nao wakapata udhuru, mmoja mafua, mwingine wageni. Neziha alipika kidogo, akala jikoni akiwa amesimama, jambo ambalo asingelikubali hapo zamani. Siku za kazi alipanda treni ileile na koti lilelile. Alizipitia makala za Khemais moja baada ya nyingine, akatoa suhuba zilizokosa mashahidi, akaacha zilizopata. Wakati mwingine alipofika kwenye "mke wangu amelala" alisimamisha kazi, akakaa tu akiutazama ukuta.

Kurasa za majaribio za toleo jipya zilipofika kutoka kwa wachapishaji, ilibidi zisomwe na watu wawili, mmoja akitamka, mwingine akifuata kwa kalamu, kama wafanyavyo siku zote. Yosr alivuta kiti chake kutoka dirishani mpaka kwenye meza ya ukutani, bila kuombwa. Alisoma upesi na vizuri, mpaka akafika kwenye upweke. Hapo sauti yake ikashuka, karibu kunong'ona.

"Upweke mwembamba. Khemais Belkhoja."

"Paza sauti, binti," Neziha alisema, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Hilo ni jina la mtu."