Picha Niliyoiona Peke Yangu

Nakumbuka asubuhi moja pale mjini Ziwa, mwanangu, nilipomwambia mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji kwamba Kiprono, karani wetu, ni mtu wa kuchungwa. Nilikuwa kijana. Kompyuta nilijifunza mwenyewe nyumbani Kiplombe, kwa vitabu vya kuazima, na chama kilinipa kazi ya kutengeneza tovuti ambapo wanachama wangesoma rekodi za maziwa yao. Juu kabisa ya ukurasa niliweka picha ya wanachama wakiwa mbele ya tangi la kupozea maziwa. Nilijivunia picha ile kuliko kazi nyingine yote.

Basi wanachama wakaanza kulalamika kwamba hapo juu hakuna picha, ni kisanduku cheupe tu. Nikifungua kompyuta yangu, picha ipo. Wao wakifungua simu zao, haipo. Nikaamini kuna mtu anayeitoa nikigeuka na kuirudisha akisikia ninakuja. Pasiwadi ya tovuti tulikuwa nayo watu wawili, mimi na Kiprono, na yeye alishawahi kusema picha ni kubwa mno kwa simu za wazee. Kwangu hiyo ilitosha. Nikanunua daftari. Nikaandika siku, saa, nani ameangalia, picha ipo au haipo. Niliandika hata Kiprono alipotoka kwenda kunywa chai. Baada ya wiki mbili daftari lilijaa, nami nikaliamini kwa sababu lilikuwa nadhifu.

Mwenyekiti alilisoma, akamwambia Kiprono arudishe funguo za ofisi Ijumaa na asionekane tena. Kiprono alikuwa na watoto watatu shuleni.

Ijumaa hiyo Kiprono alipozileta funguo, alikuwepo Mama Jerotich, mwalimu mstaafu, katibu wa chama. Aliuliza kwanza: "Kiprono, ulitoa hii picha?"

"Mama, kama ni kuiba, si ningeiba kitu cha kupeleka nyumbani? Picha ya wazee na tangi nitafanyia nini?"

Mama hakucheka. Alimwambia aweke mikono juu ya meza, asiguse kitu. Kisha akafungua tovuti kwa simu yake: kisanduku cheupe. Akaniambia nami nifungue kompyuta yangu: wazee wote wamesimama, tangi linang'aa. Akaweka simu kando ya kompyuta.

"Haya fundi, ameitoa saa ngapi?"

Nikalifungua daftari kuitafuta saa hiyo.

"Na hapa kwa daftari. Kila ulipoandika 'ipo', nani alikuwa ameangalia?"

Nikapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Ni mimi. Kila mahali ni mimi.

Nikafungua mipangilio ya tovuti mbele yao. Faili la picha sikuwahi kulipandisha kwenye tovuti. Nilikuwa nimeielekeza tovuti ikaichukue picha ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, na kompyuta ile hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Niliomba msamaha palepale. Kiprono akasema, "Ni sawa, fundi," akazirudisha funguo mfukoni. Alibaki kazini. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoingia ofisini aliondoka kwenye kompyuta, akasimama dirishani hadi nimalize. Tulifanya kazi hivyo miaka minne. Sikuwahi tena kumwona akigusa mashine ile nikiwepo.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Kazi hizi zinahitaji mtu asiyeamini haraka. Ila anza kushuku kazi ya mikono yako. Kabla hujataja jina la mtu, omba simu yake uangalie kile anachokiona yeye. Na ukikuta ushahidi wote umetoka kwako mwenyewe, funga daftari, usimpelekee mwenyekiti. Ile picha niliitengeneza kwa dakika tano. Lile la Kiprono sikupata dawa yake.

Mungu akujalie mtu wa kukuuliza maswali kabla hujamharibia mwenzako jina, na akupe moyo wa kumjibu ukweli. Ubarikiwe wewe na kazi yako.