Sentensi za Kiingereza Juu ya Mwamba wa Michembe

Jua la mchana likiupiga ule mwamba nyuma ya nyumba yangu hapa Bariadi, macho huanza kuona maji pasipo na maji. Mashamba ya pamba yanaelea. Hapo ndipo mimi na mjukuu wangu wa kike tulikuwa tunaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyokausha tuje kula kiangazi. Yeye anakata huku anasema Kiingereza kwa sauti, mimi napanga juu ya jiwe na kusikiliza kama mtu aliye nusu usingizini.

Kesho yake alikuwa ameitwa kwenye usaili, hoteli ya watalii kule Lamadi. Mimi sikutaka. Shule niliiacha darasa la tatu, mashine yangu ya kusaga nimeinunua kwa jasho, na niliyemtegemea kuisimamia ni yeye. Alijua. Alishasema hapandi gari bila ruhusa yangu.

"On the other hand," akasema. "Yaani, kwa upande mwingine. Guku, nipe sentensi."

Guku ndiyo babu kwetu.

"Mashine yangu inasaga vizuri," nikamwambia. "On the other hand, hoteli ni upuuzi."

Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka, akaleta utani wetu wa babu na mjukuu. "Hapo unatukana tu, mume wangu! Jambo liwe lile lile moja, ulitazame pande mbili, na pande zote ziwe za kweli."

"Haya. Ng'ombe wangu mweupe ana maziwa mengi. On the other hand, ana maziwa mengi sana."

"Unamsifu mara mbili!"

"Si wangu? Nimsifu wa nani?"

"Sema na kasoro yake."

Kasoro za mali yangu sina mazoea nazo.

"Anapiga teke," nikasema.

"Umeipata, mzee mzima!"

Upepo ukapita, ukanyamaza. Ndani ya yale maji ya uongo nikamwona amevaa sare ya hoteli, anaongea na wageni karibu na ziwa, na mimi sisikii anachosema. Maisha yangu yote nimesema neno moja na kulisimamia, na ndilo lililonijengea nyumba. Sasa nilikuwa na mawili kifuani, yote kweli, na hakuna lililokubali kufunika lingine.

"Ukienda," nikasema, "mashine itakosa mtu ninayemwamini, na jioni nitakula peke yangu."

Akaacha kukata.

"On the other hand." Kiingereza kikaniishia hapo, nikamalizia kwa Kisukuma. "Ukibaki, utazeekea mlangoni pa mashine, unga umejaa kwenye kope, unatazama magari ya Lamadi yakipita."

"Kwa hiyo nifanye lipi, Guku? Sentensi haisemi."

"Sentensi haisemi, mimi nasema. Inuka ukapige pasi sketi yako. Viazi nitakata mwenyewe."

Aliondoka anakimbia, bila hata kunawa. Nikashika kisu. Vipande vyangu vilitoka vinene mno, na mwaka huo michembe ilichelewa sana kukauka.