Kilo Nane na Gramu Mia Nne

Sitaki mtu aniambie nilikuwa na homa. Nilikuwa mzima, nimekunywa chai, na jua la saa nane mchana lilikuwa linachoma mabati ya Kirumba. Wanaotaka mambo ya usiku wa giza na makaburi watafute kwingine. Haya yalinipata mchana kweupe, ofisini, mbele ya kompyuta. Ukiamini, vizuri. Usipoamini, nyamaza.

Nilikuwa karani kwenye kampuni ya kununua sangara. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kupiga chapa, nikapata kazi. Baba wa mwanangu alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mwanamke mwingine. Tuachane naye. Mwanangu Minza alikuwa na miezi kumi, sikuwa na mtu wa kumwachia, kwa hiyo nilikwenda naye kazini mgongoni. Bosi aliponuna nilimwambia kama anataka karani asiyenyonyesha aajiri mwanamume.

Wakati huo wanunuzi wa Ulaya walikuwa wameanza ukali. Walitaka kujua kila mzigo wa samaki umetoka kwenye chombo gani, umeshushwa ufukweni kwenye mwalo gani, una uzito gani, umefika katika hali gani. Madaftari yangu hayakutosha tena. Bosi akanunua kompyuta, akasema fundi atakuja kutoka Dar kuweka programu ya kutunza orodha hizo, yenyewe inaitwa databesi. Kisha akafunga droo zake akaenda Musoma.

Fundi alifika Jumatano. Aliyemleta mpaka mlangoni ni mlinzi wetu, Mzee Lubango.

"Mama Minza, mgeni wako huyu. Nimempa mkono nikadhani nimeshika sangara. Kijana, umetoka Dar au umetoka kwenye friji?"

"Shikamoo, mzee," yule akajibu bila kucheka.

"Marahaba. Lakini toka jasho hata kidogo, unatuaibisha sisi wenyeji."

Na kweli alikuwa mkavu. Chumba kile kilikuwa tanuri, feni inasukuma joto kutoka kona hii kwenda ile, naye amevaa shati la mikono mirefu, kifungo cha shingoni kimefungwa. Nilidhani ndiyo maringo ya watu wa Dar.

Akakaa, akaanza kuingiza diski moja baada ya nyingine. Nilisimama nyuma yake nijifunze, kwa sababu akiondoka ni mimi nitakayeulizwa.

"Dada, programu hatuiweki moja kwa moja," alisema. "Kwanza natengeneza kompyuta nyingine ndani ya hii. Haipo, lakini yenyewe inajua ipo. Majaribio tunafanyia huko. Tukiharibu, tumeharibu ile ya ndani, hii ya nje inabaki salama."

"Kwa hiyo kompyuta ina mimba," nikamwambia.

Hapo ndipo alipomtazama Minza kwa mara ya kwanza. Alimtazama muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Umesema vizuri."

Ndani ya kioo kikafunguka kioo kingine kidogo, cheusi. Mstari mweupe ukaanza kutambaa humo, asilimia kumi, asilimia ishirini, taratibu kama konokono. Ulipofika mwisho ikatokea fomu yenye nafasi nne: chombo, mwalo, uzito, hali.

"Jaza chombo kimoja tujaribu," akanipisha kiti.

Daftari la vyombo lilikuwa kwenye droo ya bosi. Nikamwambia.

"Andika jina lolote. Ninyi watu wa ziwani si mnaita vyombo majina ya watoto wenu? Andika la huyo."

Niliandika. Hakunishika mkono, hakunilazimisha. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Niliandika Minza. Mwalo, nikaandika Kirumba. Uzito, nikaandika kilo nane na gramu mia nne, kama nilivyokumbuka kwenye kadi yake ya kliniki. Hali, nikaandika mzima. Tena nilicheka.

"Sasa tuone kama inafuta."

Akainama begani kwangu, akaweka alama kwenye uzito, akabonyeza.

Mgongo wangu ukawa mwepesi.

Wewe uliyebeba mtoto unajua khanga inavyovuta mabega. Ule mvuto ulikatika. Nilidhani ameanguka, nikapeleka mikono nyuma kama kichaa. Alikuwepo. Nikamzungusha mbele. Macho yake yako wazi, mdomo wake unafunguka kulia, lakini mikononi mwangu alikuwa kama nguo iliyoanikwa. Feni ilipogeuka upande wetu, miguu yake ilipepea. Niamini. Miguu ya mwanangu ilipepea!

"Umefanya nini?"

"Inafuta vizuri," akasema, na kidole chake kikahamia kwenye jina.

Sikumuuliza mara ya pili. Chini ya meza kulikuwa na stabilaiza, lile boksi la chuma la kutuliza umeme. Nikamfunga Minza kifuani kwa mafundo mawili, nikaling'oa boksi pamoja na nyaya zake, nikampiga nalo usoni. Kompyuta ikazimika puu! Lakini kile kioo kidogo cha ndani kilibaki kinawaka katikati ya giza la kile kikubwa, na jina la mwanangu humo.

Fundi akajishika taya, akalirudisha mahali pake.

"Umezima ya nje," alisema. "Ya ndani haina waya."

Nikampiga tena. Akanidaka shingo, akanigongesha mdomo kwenye kona ya meza, jino langu la mbele likaenda. Mkono wake ulikuwa baridi hata ngozi yangu ilinata. Alinikandamiza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanyoosha kidole kwenda kubonyeza. Nikakidaka kidole hicho kwa meno yaliyobaki. Kilikatika. Hakikutoa damu hata tone. Kiliyeyuka mdomoni mwangu kama barafu ya kwenye kreti za samaki, chenye shombo na chumvi, nikatema maji.

Akalegea. Nikamwangusha, nikamkalia kifuani, nikamshindilia stabilaiza kwenye mikono yote miwili. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Sikuhesabu tena. Vidole vilikuwa vinavunjika kama barafu inavyovunjwa kwa nondo, na vipande vinateleza mpaka chini ya kabati.

"Rudisha!"

"Siwezi kuandika," alisema. Sauti yake haikuwa na maumivu, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi. "Mimi nafuta tu. Andika mwenyewe."

Nikainuka. Kibodi imejaa damu ya mdomo wangu. Nikaandika tena kilo nane na gramu mia nne, kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Khanga ikanivuta shingo. Minza akapiga kelele ambayo nadhani waliisikia mpaka sokoni Mwaloni. Ilikuwa kelele tamu kuliko zote nilizowahi kusikia.

Ningeishia hapo, ningekuwa mama mwenye akili. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu huwa haina breki. Nikainua lile boksi juu ya kioo.

Hapo yule mtu akaogopa kwa mara ya kwanza.

"Dada, usivunje! Acha tumtoe humo kwanza! Ukivunja, atabaki hivyo hivyo!"

Ningemsikiliza? Mtu aliyetaka kufuta jina la mwanangu? Labda alikuwa anasema kweli, labda alitaka dakika moja amalizie. Nilivunja. Nilivunja mpaka ule mwanga wa ndani ukafa.

Mzee Lubango alinikuta nimekaa kwenye maji na vioo, nanyonyesha. Alisema fundi amepita getini, ameaga kwa adabu, mikono mfukoni, suruali imelowa. Bosi aliporudi alinifukuza. Ijumaa akaja fundi mwingine, mfupi, analowa jasho, anauliza ni nani aliyetangulia kuja kwa jina lake.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Minza kliniki Butimba. Kilo nane na gramu mia nne. Mwezi mwingine, hivyo hivyo. Wa tatu, nesi akaninyooshea kadi.

"Wewe mama, unamnyima mtoto chakula?"

Nilimchapa kofi mbele ya foleni nzima. Sijivuni, lakini nilimchapa.

Sasa Minza ana miaka mitatu. Amefika kiunoni kwangu, mapaja yake mazito kwa kuyaona, anamaliza sahani ya ugali na dagaa na kudai nyongeza. Mweke kwenye mizani. Ya kliniki, ya samaki, ya muuza mchele wa Mkuyuni, zote nimejaribu. Kilo nane na gramu mia nne. Juzi upepo wa ziwani ulimwinua juu ya mawe nikamdaka kisigino. Nimemshonea kwenye pindo la gauni vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu. Kila akirefuka naongeza kimoja. Anacheka, anasema mama, gauni linanivuta.

Kwa hiyo ninyi mnaoletewa mashine hizi maofisini, nisikieni. Mkiambiwa andika jina la kujaribia, andika meza, andika kiatu, andika jiwe. Usiandike aliyetoka tumboni mwako, hata kwa mzaha, hata kama fundi anatoka jasho.

Na wewe usiye na vidole, kama macho yako yamefika hapa, njoo umfungue mwanangu. Mlango wangu hauna komeo. Sitakugusa. Naapa, sitakugusa mpaka umalize.