Madina na mfungwa aliyekataa kusimulia mchana

Saa mbili asubuhi, Madina Kasongo anabisha hodi kwenye mlango ambao ufunguo wake unaning'inia kiunoni mwake. Anangoja aitikiwe, ndipo anafungua.

"Mufungwa pia iko mutu," anasema. "Hata ye anapenda kuulizwa."

Mjane huyu, mzaliwa wa Maniema, ni mlinzi wa wanawake katika gereza moja hapa Kisangani kwa mwaka wa tisa sasa. Tangu mwaka jana ameongezewa kazi ya ukalimani. Anakaa kati ya wafungwa na Bwana Hubert, mtaalamu wa tabia za watu aliyetoka Ubelgiji.

Bwana Hubert ana picha zilizochorwa kwa mkaa. Mfungwa huonyeshwa moja, akaombwa aitungie hadithi. Kwa hadithi hiyo mtaalamu hupima kama hasira yake imepoa, kisha huwashauri wakubwa kama anaweza kurudi kwao kabla ya siku zake kwisha. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Bwana Hubert anataka kuona zilivyosukwa.

Zilizomshinda ni za Angèle wa Yanonge. Binti huyu alimpiga wifi yake kwa mchi, akamvunja mkono. Akawekwa ndani, na mtoto wake mchanga akabaki na bibi yake, mama mzazi wa Angèle.

Alipoonyeshwa picha ya mwanamke aliyesimama mlangoni, Angèle aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata, kimya. Ya tatu pia, kimya. Madina alimgombeza kama mama anavyomgombeza bintiye. Bwana Hubert naye alianza kuamini kwamba moyo huo ni mgumu. Habari zikashuka na mto hadi Yanonge: Angèle amekataa kusema, hataki kurudi. Mama yake alilia mbele ya watu.

"Muulize anaogopa nini," Bwana Hubert alisema siku moja, akiweka picha chini.

Madina aliuliza, safari hii kwa upole. Angèle akajibu kwa sauti ndogo:

"Mama Madina, kwetu hadithi ni ya magaribi. Ukisema hadithi muchana, mama yako anakufa. Na mama yangu ndiye iko na mutoto wangu. Donc, bora ninyamaze."

Madina alishika mdomo. Nyanya yake mwenyewe alikuwa akimkataza vivyo hivyo, naye, kwa kuzoea maisha ya mjini, alikuwa amesahau kabisa. Alitafsiri huku machozi yakimtoka. Bwana Hubert alizikusanya picha zake.

"Bon," akasema. "Tutarudia jioni."

Aliomba ruhusa. Jua lilipozama wakawasha taa, na Angèle akaishika picha kwa mikono miwili.

"Huyu mwanamuke amefika kwake," alisimulia. "Mutoto amelala. Hamwamshi. Anaogopa mutoto ataamuka, atauliza: wewe ni nani?"

Hapo hata mkalimani alishindwa kuendelea. Bwana Hubert, ambaye Kiswahili chake ni cha kubahatisha, hakuhitaji kutafsiriwa.

Alhamisi iliyopita wakubwa walikubali ushauri wake. Angèle atatoka mwezi ujao. Anaimba tangu asubuhi, na wenzake wamekwisha kumchoka.

Lakini Madina hataki kungoja mwezi ujao. Ameomba likizo, na Jumamosi atapanda mashua kwenda Yanonge kumtafuta mama yule, ambaye bado anadhani binti yake alimkataa. Nikamuuliza, si Angèle atamweleza mwenyewe akifika?

"Ye hatasema," Madina alijibu, akinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi sikuzaliwa na mtu. "Mutoto hawezi kuambia mama yake: mimi ndiye nilikuchunga. Inapaswa mutu mwingine aseme. Nitakaa naye chini, nitamushika mukono. Nitamwambia: mama, mutoto wako alikubali kubaki huku ndani, ili wewe uishi."