Mama wa Kapteni

Mume wangu anaitwa Kipaza. Msiniulize jina lake la kuzaliwa, hata mwenye nyumba wetu halijui. Kazi yake ni kutafsiri sinema. Mnalipa kwangu mlangoni, mnaingia ukumbini, naye anakaa pembeni ya skrini na maikrofoni yake, anawageuzia Kijapani kiwe Kiswahili. Kijapani chenyewe hajui hata kuombea maji! Anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, yakipungua anajazia ya kwake, na mji huu hakuna anayemfikia. Sisemi hivyo kwa kuwa ni mume wangu. Akiboronga huwa namwambia.

Kilichotulea ni ile katuni ya maharamia. Ilianza kabla sijamzaa binti yetu wa kwanza. Leo binti kanizidi kimo, na kapteni bado hajafika anakokwenda. Kipaza ndiye kapteni, ndiye mpishi wa meli, ndiye mwanamke mwenye upanga, ndiye papa. Watu wazima na akili zao, fundi baiskeli, muuza nyama, wanafunga biashara mchana kuja kumsikiliza.

Sasa, zamani ilitujia diski moja imekwaruzika. Kapteni ni mtoto, amekaa kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa, mara picha ikaganda, ikarukia baharini. Kipaza hakubabaika. "Mama yangu ananisubiri nyumbani!" akanguruma kwa sauti ya kapteni. Basi mama akawa hai. Wiki ileile Kipaza alikuwa amemzika mama yake mzazi. Alirudi kazini kesho yake, hakumwambia mteja yeyote, na mimi akaniambia, "Niache, niko sawa." Tangu hapo kapteni kila akizidiwa vitani alimtaja mama yake, na ukumbi mzima ukasimama kushangilia.

Juzi ikaja diski mpya. Tuliitazama asubuhi, wawili tu. Kapteni anarudi kisiwani kwao, anapiga magoti mbele ya kaburi, na juu ya jiwe kuna picha ya mama yake.

"Umekwisha," nikamwambia. "Watakuita mwongo, wote watahamia kwa yule mtafsiri mwingine wa ng'ambo ya barabara."

"Tulia, mke wangu. Nikifika pale nitajua la kusema."

"Utajua nini, na kaburi hilo hapo?"

"Wewe fungua mlango, watu wanasubiri." Ana kiburi huyu mwanaume, mpaka raha.

Ukumbi ulifurika. Kapteni alipopiga magoti, Kipaza akanyamaza. Kipaza, ambaye hata usingizini anaongea! Muuza nyama akamgeukia. "Kaburi la nani tena? Si ulisema mama yupo?" Miguno ikaanza.

Ndipo kapteni akafungua kinywa, na Kipaza akasema taratibu: "Mama, hawa wenzangu niliwadanganya. Niliwaambia upo. Niliona nikitamka kwamba umekufa, safari itanishinda. Nisameheni, jamani. Mama yangu alikufa."

Fundi baiskeli alikuwa anajifuta macho kwa mkono wenye grisi, wala hakuona aibu.

Picha ilipoisha nilifungua mlango kwa maringo. Tumeshinda, huyo wa ng'ambo ya barabara atafute kazi nyingine! Lakini watu hawakutoka. Walikuwa wanamfuata Kipaza pale alipokaa. Muuza nyama ndiye aliyetangulia, akamshika mkono. "Pole kwa msiba, Kapteni," akasema, nusu utani. Fundi baiskeli akafuata: "Pole sana, kaka." Na wa nyuma yao, na wa nyuma yake.

Nikangoja Kipaza awarudishie mzaha, ndiyo kawaida yake. Akaweka maikrofoni chini.

"Asanteni," akawaambia, kwa ile sauti yake ninayoisikia nyumbani tu. "Alikuwa mama mzuri sana."