Paka Aliyenifuata Altareni

Miaka ya hamsini, nikiwa mwalimu kijana huko Baraka, niliamini hakuna aliyejua kufunga kama mimi. Padri wetu alikuwa anatafuta katekista mkuu, na mimi nilikuwa nimekwisha kumwambia mke wangu anishonee kanzu nyeupe ya kazi hiyo.

Waumini kadhaa wa parokia tulipelekwa mafungo ya kiroho kwenye monasteri ya milimani, upande wa Fizi. Huko tulitakiwa kunyamaza kabisa na kula ugali na chumvi tu. Mimi mtoto wa ziwa, ugali bila samaki haunishuki kooni. Nikajaza ndagala wakavu, samaki wadogo niliotoka nao nyumbani, katika mfuko wa koti, na kila baada ya chakula nikawa natorokea nyuma ya zizi kuwatafuna.

Padri aliniona nikijitenga hivyo. Siku ya mwisho akasema kanisani: "Huyu mwalimu, akimaliza kula, anaenda kusali peke yake. Kuja mbele, mwanangu, batu bote bakuone."

Nikaenda, kifua mbele. Nikapiga magoti, nikafumba macho. Nikasikia minong'ono, nikadhani wananisifu. Nilipofumbua macho, paka wa monasteri alikuwa ameingiza kichwa chote mfukoni mwangu. Akatoka na ndagala mdomoni, mikia ikining'inia, akaketi karibu na viatu vya Padri, akaanza kula taratibu. Kosa lilikuwa langu, si la paka.

Mvuvi mmoja wa kwetu akashindwa kunyamaza: "Eh, mwalimu! Kumbe ile sala yako iko na mikia!"